Karani wa Alama

Waliniita kwa sababu ya mwandiko.
"Namba zako," akasema Mwalimu Mihayo, "hata kipofu anazisoma."
Basi Jumamosi nikaliacha ghala la chama, hapa hapa Urambo,
nikanawa mikono mara mbili, harufu ya tumbaku ikagoma,
nikaenda kuhesabu watoto wamesoma nini.

Ukumbi ni darasa la saba, madawati yamesukumwa ukutani.
Kushoto Mabatini, soksi hadi magotini.
Kulia Mtakuja: watoto watatu, viatu vya watu wawili.
Kengele ni rimu ya gari na kipande cha nondo.
Ubao nikaugawa kwa rula, juu nikaandika M na M,
wakacheka, ikabidi niandike majina mazima.

Wa kati wa Mtakuja alipojitaja
chaki ilinikatikia mkononi.
Nyanzala Shigela.

Shigela namjua.
Msimu ule wa mvua haba alileta marobota matatu.
La mwisho, sindano ikasimama kwenye sitini na mbili
na mimi nikaandika sitini.
Kilo mbili. Nani huona kilo mbili?
Yeye aliona. Akaitazama sindano, akanitazama mimi,
akachovya kidole gumba kwenye wino.

Swali la tisa lilikuwa la Mtakuja,
lile la mhunzi na binti yake:
"Kwa nini mhunzi aliuzima moto?"
Nyanzala alisimama rimu haijaacha kulia.
"Hakuuzima, mwalimu. Aliufunika majivu."
Mwalimu akashusha miwani kwenye karatasi ya majibu.
"Alichoka kufua. Ndilo jibu. Mtakuja, sifuri."

Kazi ya karani ni kuandika anachotajiwa.
Nimeifanya miaka kumi na tisa.
Lakini asubuhi, mabenchi yakipangwa,
nilikuwa nimekifungua kitabu kile kupoteza muda,
na ukurasa wa thelathini na moja uko vile vile alivyosema:
majivu, na chini yake kaa moja linapumua.
Sifuri nikaianza. Ikafika nusu, kama kwato ya mbuzi.
Nikageuka.
"Mwalimu, naomba kitabu kisomwe."

Mgeni rasmi akaiweka chini soda yake.
"Karani hana swali," mtu akasema nyuma.
"Sina swali. Nina ukurasa."

Kikasomwa. Wakapewa alama mbili.
Niliiandika ile mbili kubwa kuliko namba zote ubaoni,
na sikatai, niliona raha,
raha ya mtu anayerudisha kitu bila kukitaja.

Mwisho nikajumlisha, jasho machoni.
Mabatini thelathini na moja.
Mtakuja thelathini na mbili!
Vigelegele, madawati yakipigwa, vumbi likashuka darini.
Nyanzala hakupiga kitu. Alisogea ubaoni,
midomo ikihesabu, kidole kikipita hewani bila kugusa chaki.
"Karani, duru ya kwanza na ya pili.
Saba na nane umeandika kumi na saba.
Umetuzidishia mbili."
Alisema taratibu, kama mtu anayemwambia jirani
kuku wake wametoka nje.

Nikafuta.
Mabatini wakachukua kamusi sita na mpira.
Mtakuja wakapewa penseli, na makofi ya pole.
Mwenzake mmoja alimfinya; nilimwona.

Nje Shigela alikuwa ameegemea baiskeli.
"Leo umewahesabia watoto," akasema. Halikuwa swali.
"Nilikosea. Binti yako akanisahihisha."
"Ngapi?"
"Mbili."
"Mbili," akasema.
Akabonyeza tairi kwa kidole gumba, kile kile,
mtoto akapanda kwenye kerieri, penseli kinywani,
wakashika njia ya reli.

Nilibaki na chaki kwenye kucha
na ufunguo wa ghala mfukoni.
Vitabu vya msimu ule vipo bado, rafu ya chini kabisa.
Mchwa wamekula majalada tu.